Mfamasia anayemwona mraibu kila asubuhi

MAKALA MAALUMU
Na Mwandishi Wetu

*Kwenye kliniki za methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, daktari humwona mgonjwa kwa miadi, lakini mtoa dawa aliye dirishani humwona kila siku iendayo kwa Mungu. Anayoyajua mtu wa dirishani yanaweza kuokoa maisha, iwapo mfumo utampa nafasi ya kuyasema.*

Lipo lalamiko ambalo mfamasia wa kliniki ya methadoni hulitambua kabla mgonjwa hajafika mwisho wa sentensi. Ni la mtu aliyetulia kwa miezi kadhaa. Dozi yake ni miligramu 80, ameacha kuiba na amerudi kulala nyumbani kwa mama yake. Asubuhi moja anafika dirishani kamasi zinamtiririka, anapiga miayo, mifupa inamuuma. Arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, imerudi. Anadai dawa imechakachuliwa, kwamba aliyopewa jana ilikuwa maji matupu.

Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba wiki mbili nyuma alianza matibabu ya kifua kikuu, na katika vidonge anavyomeza kila siku mna rifampisini. Dawa hiyo huliamsha ini lifanye kazi ya kuvunjavunja kemikali kwa kasi kubwa kuliko kawaida, kama jiko lililopulizwa: kuni ni zilezile, ila zinaisha mapema. Methadoni iliyokuwa ikimshikilia kwa saa 24 sasa inamwacha njiani, na usiku unamkuta hana kitu mwilini.

Asipotokea wa kumuuliza swali moja tu, umeanza dawa gani nyingine, mtu huyu atarudi maskani, kijiwe cha watumiaji, kutafuta kete ya heroini ya kuzibia pengo. Kisha faili lake litaandikwa kwamba amerejea kwenye matumizi, na lawama yote itakuwa juu yake.

Akiulizwa, daktari ataongeza dozi taratibu hadi arosto ikome. Lakini kazi haijaisha. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Siku rifampisini inapokoma, ini hurudi kwenye mwendo wake wa zamani ndani ya wiki chache, na ile dozi iliyopandishwa inageuka kuwa kubwa mno. Mgonjwa aliyepona kifua anaweza kulala na asiamke. Tarehe ya kumaliza vidonge vya kifua kikuu inatakiwa iwe imeandikwa mahali ambapo mtu wa dirishani ataiona, na awe na mamlaka ya kuifanyia kazi.

Safari iliyoanzia Muhimbili

Heroini, au unga kama inavyoitwa mitaani, iliingia pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1980 ikifuata njia za bahari kutoka Asia. Mwanzoni wengi waliivuta. Kuelekea miaka ya 2000 ilipopatikana ile nyeupe inayoyeyuka kwa urahisi kwenye maji, sindano zikashika kasi Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, na virusi vya Ukimwi vikapata mlango. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam katikati ya muongo huo uliwakuta takriban watu wanne kati ya kumi waliokuwa wakijidunga wakiishi na VVU.

Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ikaanza kutoa methadoni. Mauritius ilikuwa imetangulia mwaka 2006, lakini kwa upande wa bara, kusini mwa Sahara, programu hii ya umma ya Tanzania ndiyo iliyofungua njia. Hospitali za Mwananyamala na Temeke zikafuata. Zanzibar ikafungua huduma Kidongo Chekundu mwaka 2015, na baadaye mikoa mingine ya Bara ikaingia, Mbeya, Mwanza na Dodoma zikiwamo. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha ikashuka pwani hadi Malindi na Mombasa, ambako ndiko unga ulikokita mizizi zaidi.

Dawa yenyewe si ngeni. Ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya maumivu. Katika miaka ya 1960, jijini New York, madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walionyesha kwamba mraibu wa heroini akiinywa kila siku kwa kiwango cha kutosha, arosto hukoma, uchu hupungua na mtu hupata nafasi ya kuishi. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Kinachotokea dirishani

Kwa asiyewahi kufika kwenye kliniki hizi, kazi ya dirishani huonekana nyepesi: jina linaitwa, dawa inapimwa, mtu anakunywa, wa pili anasogea. Ukisimama ukatazama, utagundua kuwa hapo ndipo matibabu yote yalipo.

Methadoni hutolewa ikiwa maji, mgonjwa aimeze mbele ya mtoa dawa. Akishaimeza anakunywa maji, kisha anaongeleshwa. Salamu ile ina kazi, kwani mtu aliyeficha dawa mdomoni hawezi kuitika vizuri. Wakati huohuo mfamasia anaangalia macho. Mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano? Anasinzia akiwa amesimama? Ananuka gongo? Pombe au Valium juu ya methadoni huzima pumzi, na mwenye wajibu wa kusema "leo subiri kwanza" ni huyo aliyeshika kipimo.

Kumnyima dozi mtu mwenye arosto ni jambo gumu. Wapo wanaotukana, wapo wanaolia. Mfamasia anayejua kusema hapana bila kumvunjia mtu heshima, akamketisha, akampigia simu muuguzi na kumwona tena baada ya saa mbili, ana ujuzi ambao hatuutaji tunaposifu programu hizi.

> Kati ya dozi ya kwanza na wiki ya pili ndipo methadoni huua ikikosewa.

Siku ya kwanza mgonjwa hupewa miligramu 20 hadi 30, basi. Kwake ni kidogo mno na atakuambia hivyo bila kificho. Lakini methadoni hukaa mwilini kwa muda mrefu: ya jana haijaisha, ya leo inaingia juu yake, na ya kesho itazikuta zote mbili. Dozi ambayo Jumatatu haikumtosha inaweza kumzidi Ijumaa bila kuongezwa hata tone. Kwa hiyo hupandishwa pole pole mpaka ifike inakotakiwa, kwa wengi kati ya miligramu 60 na 120. Kuibania chini ya hapo kwa kudhani unamlinda mgonjwa nako kuna madhara yake, kwa sababu wanaopewa dozi ndogo ndio wanaokatisha tiba kwa wingi.

Halafu kuna siku za kukosa. Aliyekosa siku moja huendelea na dozi yake. Akikosa tatu mfululizo, miongozo mingi hutaka achunguzwe kabla ya kupewa, kwani mwili umeanza kusahau. Akifikisha tano, kwa kawaida huanza upya kutoka chini. Daftari la dirishani ndilo linalojua nani hakuja juzi. Daktari mwenye miadi ya tarehe 20 hawezi kujua tarehe 6 kulitokea nini.

Na katika kugongana kwa dawa, kifua kikuu ni mwanzo tu. Baadhi ya dawa za kifafa, karbamazepini ikiwamo, huimaliza methadoni mapema vilevile. Flukonazoli ya fangasi na siprofloksasini, ambayo watu hujinunulia kwa kila homa ya tumbo, huipandisha. Kwinini, kama ilivyo methadoni yenyewe kwenye dozi kubwa, hugusa mapigo ya moyo. Kwa wanaoishi na VVU, efavirenzi ilikuwa ikiishusha methadoni sana. Kuhamia dolutegraviri, ambayo haigombani nayo, kumeondoa mzigo mkubwa. Lakini aliye na VVU na kifua kikuu kwa pamoja, rifampisini hushusha dolutegraviri pia, na inabidi aimeze mara mbili kwa siku badala ya moja. Mtu mmoja, magonjwa matatu, madirisha matatu ya dawa. Ni nani anayeziangalia dawa zote kwa pamoja?

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kubadili dozi ni kazi ya daktari, na iendelee kuwa hivyo. Lakini mfamasia wa kliniki hizi anapaswa kuketi kwenye kikao cha kila wiki cha kujadili wagonjwa kama mwenye hoja, si kama mtu wa stoo anayeitwa kuulizwa chupa zimebaki ngapi. Akiandika kwamba dozi ipitiwe leo, ipitiwe leo. Na orodha ya dawa zote anazotumia mgonjwa, za VVU, za kifua, za kifafa, hata za kienyeji akizitaja, iwe mikononi mwake.

"Mnampa unga mwingine"

Wapo wasioitaka methadoni kabisa, na hawafai kupuuzwa. Wazazi waliouza mpaka magodoro kumtibu mtoto huuliza kwa uchungu: mnampokonya unga mnampa mwingine, tofauti iko wapi? Wapo viongozi wa dini wanaoona kwamba uponyaji ni kuacha kila kitu. Na wapo waliopona katika nyumba za upataji nafuu bila tone la dawa, ambao maisha yao ni ushahidi kuwa inawezekana.

Inawezekana, ndiyo, kwa baadhi. Lakini anayeacha ghafla akarudia baada ya miezi mitatu hukuta mwili wake hauwezi tena kipimo cha zamani, na kete moja humuua. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, ulikusanya tafiti za nchi nyingi na kupata kwamba miongoni mwa watu walio kwenye methadoni walikufa 11.3 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Miongoni mwa walioiacha walikufa 36.1.

> 11.3 dhidi ya 36.1: vifo kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, walio ndani ya tiba ya methadoni na walio nje yake.

Tofauti anayoulizia mzazi inaonekana hata nyumbani. Heroini hudai mtu aitafute mara tatu au nne kwa siku, na kila safari ni wizi au kujiuza. Methadoni hunywewa mara moja, haihitaji sindano, na ikikaa sawa haimleweshi. Mtu anaweza kwenda kibaruani. Nani amweleze mzazi haya, kwa lugha ya nyumbani na bila haraka? Mara nyingi ni mtu wa dirishani, kwa kuwa ndiye ambaye mama aliyemsindikiza mwanawe anamkuta hapo.

Kuna kundi linalosahaulika hata katika mjadala huu: wanawake. Kliniki zetu zimejaa wanaume. Mwanamke mjamzito aliye kwenye methadoni huambiwa na majirani aache mara moja kumwokoa mtoto, ilhali kuacha ghafla ndiko kunakoweza kuhatarisha mimba. Miezi ya mwisho mwili wake huhitaji dozi kubwa zaidi, si ndogo. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za arosto, nazo hutibika wodini kwa utaratibu unaojulikana. Mama asipoambiwa mapema, siku hiyo atajiona muuaji.

Foleni, nauli na hofu ya dawa kuvuja

Mvutano mkubwa wa sasa ni umbali. Methadoni inayonywewa kliniki kila siku humaanisha safari kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Anayetoka pembezoni mwa jiji anahitaji nauli ya daladala kwenda na kurudi, siku 30 za mwezi. Akipata kazi inayoanza saa moja asubuhi, achague: kazi au dawa. Tunamtibu mtu ili arudi kwenye maisha, kisha tiba ileile inamkatalia kurudi.

Wanaotaka mabadiliko wanasema mgonjwa aliyetulia apewe dozi za kubeba nyumbani, au anywe kwenye kituo cha afya au famasi ya karibu. Wana mifano. Glasgow, Scotland, tangu miaka ya 1990 watu hunywa methadoni kwenye famasi za mitaani mbele ya mfamasia. Ufaransa iliruhusu madaktari wa kawaida kuandika buprenofini, dawa ndugu ya methadoni, na famasi kuitoa, kuanzia 1996. Kati ya 1995 na 1999 vifo vya kuzidisha dawa nchini humo vilipungua kwa asilimia 79. Marekani ilipobanwa na Uviko-19 mwaka 2020 iliruhusu mgonjwa aliyetulia kubeba dozi za hadi siku 28.

Wanaopinga nao wana mifano, mmoja ukiwa wa hapa hapa Bahari ya Hindi. Buprenofini iliyotolewa kihalali kwenye famasi za Ufaransa ilisafirishwa kwa magendo hadi Mauritius, na kwa jina lake la biashara, Subutex, ikawa dawa ya kujidunga kisiwani humo. Na methadoni ikitoka kliniki haichagui nani ataiokota. Miligramu 10, kiasi kidogo mno kwa mgonjwa aliyeizoea, inaweza kumuua mtoto mdogo. Chupa iliyoachwa juu ya meza katika chumba cha familia ya watu sita ni hatari halisi.

Nimezipima pande zote mbili, na sioni kwamba zinapingana kadiri zinavyodhani. Swali la kuvuja ni swali la nani anashika dawa na kwa utaratibu gani. Hatua ya kwanza isiwe duka la mtaani wala chupa za wiki nzima. Iwe vituo vya afya na hospitali za wilaya ambazo tayari zina mfamasia au fundi dawa sanifu, kabati la chuma na daftari la dawa zinazodhibitiwa. Mgonjwa aliyetulia kwa muda mrefu, aliyeanzishwa Mwananyamala, anywe kwenye kituo cha karibu na kwake. Dozi za kubeba ziende kwa wachache kwanza, pamoja na sanduku la kufuli na mazungumzo ya kweli kuhusu watoto waliomo ndani ya nyumba.

Na famasi ya mtaani?

Duka la dawa la mtaani haliko tayari kutoa methadoni, lakini lipo ndani ya tatizo, litake lisitake. Ndiko inakonunuliwa diazepamu, yaani Valium, isiyo na cheti, tramadoli, dawa za kikohozi zenye kodeini. Nigeria ilipiga marufuku sharubati za kodeini Mei 2018 baada ya vijana wengi kuzama humo. Kwetu Tanzania Duka la Dawa Muhimu, mpango uliozaliwa Ruvuma mwaka 2003 ili vijiji visivyo na famasi vipate dawa za msingi, lina mtoa dawa mwenye mafunzo mafupi na orodha yenye mipaka. Mipaka ile ikivukwa, anayeuziwa mara nyingi ni huyu aliyeko kliniki, anayeongeza Valium juu ya methadoni.

Upande wa pili wa kaunta kuna sindano. Kijana mchafu akiomba bomba la sindano, wauzaji wengine humfukuza: hatuuzii mateja. Anatoka bila sindano ila uraibu haujamtoka. Ataazima ya mwenzake. Muuzaji aliyedhani anazuia maovu amesaidia homa ya ini na VVU kusonga mbele.

Mfamasia wa mtaani angeweza kufanya mambo matatu kesho asubuhi bila sheria mpya: kumuuzia sindano safi bila kumtukana, kukataa kuuza dawa za usingizi bila cheti, na kumwelekeza kliniki ilipo. La nne linahitaji Wizara, nalo ni naloksoni. Dawa hiyo humwamsha aliyezimika kwa heroini ndani ya dakika chache, na WHO tangu 2014 inapendekeza wawe nayo watu wanaoweza kushuhudia mtu akizidiwa, wakiwamo marafiki na ndugu. Marekani iliruhusu mwaka 2023 naloksoni ya kupulizia puani iuzwe bila cheti. Kwetu, ndugu anayemkuta kijana amekuwa wa bluu midomoni saa sita usiku hana duka la kukimbilia.

> Sindano iliyokataliwa dukani huazimwa maskani.

Hesabu ya gramu

Liko jambo moja la kifamasia lisilopigwa picha na mgeni yeyote rasmi, nalo ndilo linaloamua kama kliniki itafunguliwa kesho. Ni kuhesabu.

Kliniki yenye watu 500 wanaokunywa wastani wa miligramu 80 hutumia gramu 40 kwa siku, kilo moja na gramu 200 kwa mwezi. Kila mililita inaandikwa, inasainiwa, inalinganishwa na kilichobaki. Pasipolingana, polisi wana haki ya kuuliza. Na dawa ikikatika kwa siku tatu, watu 500 wanarudi maskani kwa pamoja, na wengi wao wakirudi kliniki hawawezi kupewa dozi yao ya awali.

Programu hizi zilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za nje, hasa za mpango wa Marekani wa PEPFAR na Mfuko wa Dunia. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ilidhihirika jinsi tiba ya kila siku inavyoweza kutegemea saini ya mtu aliye mbali. Serikali zetu zikichukua mzigo huu, na ninaamini zinapaswa, mishahara ya watu wa dirishani iwekwe kwenye bajeti kabla ya semina na mabango.

Lakini hata fedha zikiwapo, methadoni haiagizwi kama panadoli. Iko chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 unaodhibiti dawa za kulevya. Kila nchi hupeleka makadirio ya mahitaji yake kwa bodi ya kimataifa iliyoko Vienna, Austria, na bila kibali cha kuingiza, shehena haiondoki kiwandani. Wanaoandaa namba hizo ni wafamasia: wagonjwa wangapi, dozi ya wastani ngapi, wangapi wana kifua kikuu na watapandishiwa dozi, vituo vingapi vipya vitafunguliwa.

Makadirio ya mwaka unaofuata hutakiwa yawe yamefika Vienna ifikapo 30 Juni. Kituo cha afya kitakachoruhusiwa kutoa methadoni Januari lazima kiwe kimehesabiwa kabla ya tarehe hiyo, na mfamasia wake awe ameulizwa atahitaji gramu ngapi.